Kiyoyozi cha Bwana Barafu

Mjini walimwita Bwana Barafu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Maisha yake yote alikuwa ameuza baridi. Alianza na vipande vya barafu kwenye sanduku la mbao lililofunikwa gunia, akaja kwenye majokofu, akamalizia na viyoyozi, katika duka ambalo mtu akiingia mchana wa jua kali alimwomba Mungu amsahaulishe alichofuata ili akae kidogo zaidi. Alipozeeka alifunga duka, akamfuata mkewe shambani.

Shamba lilikuwa la mkewe. Mizabibu ilikuwa ya mkewe, na mvinyo uliotoka humo aliutengeneza mkewe kwa mikono yake, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, mwenye pua iliyoweza kunasa pipa lililochacha akiwa bado mlangoni. Kazi ya Bwana Barafu ilikuwa kupokea wageni na kuongea, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemfikia.

Shida ilikuwa mahali pa kuwapokelea. Wageni waliokuja kuonja mvinyo walikalishwa chini ya mabati, ubavuni mwa ghala la mapipa. Ikifika saa sita mchana mvinyo umekuwa vuguvugu kwenye glasi, na wageni wenyewe wako kama waliotoka kuoga na nguo. Wengi walisifu kwa adabu, wakaondoka bila kununua. Mwenye shamba akachoka kutazama jasho likidondokea kwenye kazi yake ya mwaka mzima, akaamua wajenge chumba cha kuonjea, chumba cha heshima. Kazi akampa mpwa wa mumewe.

Mpwa huyo alikuwa msanifu wa majengo, mwanamke kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mshonaji. Mpaka siku hiyo alikuwa amesanifu vyoo vya shule, uzio wa kanisa, na banda moja la kuku ambalo watu walilisifu kupita kiasi. Mama yake na Bwana Barafu walikuwa tumbo moja, kwa hiyo huyu alikuwa mjomba wake hasa, na utani wao ulianza kabla binti hajaota meno. Mke wa mjomba yeye alimwita shangazi, na mbele ya shangazi alikuwa mpole. Mbele ya mjomba hakuwa mpole hata kidogo.

Alikuja na michoro yake akaitandaza juu ya meza ya kulia. Chumba, alieleza, kitazama nusu ndani ya mteremko, mgongo wake ukiwa umeegemea kilima. Udongo utakaochimbwa hautatupwa. Utachanganywa na saruji kidogo, ushindiliwe tabaka juu ya tabaka mpaka uwe ukuta mnene ambao jua litautwanga kutwa nzima lisifike ndani. Chini ya mistari ya mizabibu yatafukiwa mabomba mapana. Hewa itaingilia kule bondeni, itapita ardhini na kupoa, itokee chumbani kwenye matundu karibu na sakafu. Juu ya paa itasimama dohani nyeusi. Jua likiichoma, hewa ya moto itapanda na kutoka, na ikitoka itaivuta ile ya baridi nyuma yake. Maji ya mvua yatateremka kutoka paani hadi kwenye tangi la kuoshea mapipa, na mapipa yaliyochoka yatapasuliwa yawe viti na milango.

Shangazi alikuwa ameinama juu ya karatasi, kidole chake kikifuata njia ya hewa kutoka bondeni. Mjomba alikuwa akichokonoa meno.

“Kizuri,” alisema. “Sasa kiyoyozi kitakaa wapi?”

Mpwa akamwambia hakuna kiyoyozi. Kama hakusikia vizuri, ataanza tena kutoka bondeni.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Msanifu alisema umeme wa kule kilimani ni wa kubembeleza, kwa hiyo kiyoyozi kitataka jenereta. Jenereta itatoa moshi, na mvinyo unaonjwa kwa pua kabla ya ulimi. Nani atanusa zabibu katikati ya moshi wa dizeli? Mjomba alisema ameuza baridi tangu huyo mtoto hajazaliwa na hafundishwi baridi na mtu aliyejengea kuku. Kisha akashusha sauti, ile sauti yake ya dukani, laini kama mafuta.

“Mgeni asiposikia kitu kinanguruma, atatoka jasho hata ukimweka ndani ya jokofu. Watu hawanunui baridi, mpwa wangu. Wananunua sauti yake.”

Akakunja nne na kutangaza kwamba bila kiyoyozi hakuna mtu atakayegusa kilima kile. Shamba halikuwa lake, kila mtu mezani alilijua hilo, lakini alikuwa na njia yake ya kununa iliyoweza kuifanya nyumba nzima ishindwe kula, na mkewe hakuwa na hamu ya kununiwa kwa msimu mzima.

Msanifu alikusanya karatasi zake akaenda kumlilia shangazi ghalani. Alimkuta amechuchumaa mbele ya pipa na glasi mkononi. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, akaonja, akatema kwenye ndoo, akafuta midomo.

“Mpe kiyoyozi,” alisema.

“Hata wewe, shangazi?”

“Mpe tu. Amesema anataka kiyoyozi. Hajasema kiwe kinafanya kazi.”

Ndivyo njama ilivyoanza, na tangu mwanzo ilikuwa ya shangazi, ingawa baadaye kila mtu aliamini ilikuwa ya mpwa.

Ujenzi ulianza mvua zilipokatika. Kutwa nzima kilima kilisikika kikipigwa, mafundi wakishindilia udongo ndani ya fomu za mbao, na kila fomu ilipofunguliwa ukuta ulionekana una mistari myekundu na ya kahawia kama keki iliyokatwa. Bwana Barafu alikuja kila siku na mwavuli wake, akasimama pale ambapo toroli lilitaka kupita. Aliuliza maswali ya kuchosha. Kwa nini bomba limelazwa kwa kuinama? Ili unyevu utiririke nje, mjomba. Kwa nini dohani isiwe nyeupe, ipendeze? Kwa sababu nyeupe haichomwi na jua, mjomba. Kesho yake aliuliza yaleyale, na jibu lilipoanza tu alitoa simu akaanza kutazama picha. Mpwa alijibu huku akihesabu pumzi. Alikuwa na hakika kwamba hakuna neno lake hata moja lililopita kwenye sikio lile.

Kuhusu kiyoyozi, alimwambia mjomba asihangaike, kitaingia kwenye kazi za jengo. Alikwenda mjini kwa fundi mmoja ambaye uwanja wake ulijaa mizoga ya mashine za kupoza. Fundi huyo aliwahi kufanya kazi dukani kwa Bwana Barafu, na alifukuzwa siku alipokutwa amelala usingizi wa pono ndani ya jokofu kubwa la maonyesho, mlango ukiwa wazi kidogo. Aliposikia kinachotakiwa, aliacha chakula chake. Alichagua sanduku la ndani lisilo na mkwaruzo, na sanduku la nje la kuendana nalo, akayatoa matumbo yote mawili yakabaki maganda. Katika lile la ndani alifunga kwenye kona feni ndogo, ndogo kama sahani ya kikombe, inayokula umeme wa kijipande cha sola juu ya paa. Akaweka taa ya kijani. Mwisho akabandika kipande cha plastiki karibu na mapanga ya feni, kikawa kinaguswa kidogokidogo, na sanduku likanguruma kama mzee aliyeshiba.

“Hata mimi ningevaa sweta,” fundi alisema.

Siku chumba kilipokamilika, Bwana Barafu alikuja na koti. Nje jua lilikuwa linakaanga. Aliingia kwa mlango wa mbao za pipa, bado una harufu ya mvinyo wa zamani, akaketi katikati ya chumba na kukaa kimya, jambo lililowashangaza mkewe na mpwa wake. Mwanga uliingia kwa juu, umelala ukutani. Hewa ilitambaa kwenye sakafu ikapanda miguuni kama maji. Mzee alitazama sanduku likinguruma, akafumba macho, akafumbua.

“Sasa hii ndiyo baridi,” alisema. “Mnaona kazi ya mashine?”

Shangazi alijifanya anafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Mjomba alitoka, akazunguka jengo polepole, akachungulia kule nyuma lilikofungwa sanduku la nje, na aliporudi alikuwa na tabasamu pana. Wanawake wakatazamana. Walidhani ni tabasamu la mtu aliyedanganyika.

Akaomba rimoti. Akampa mpwa wake na kumwamuru ashushe baridi zaidi, yeye macho yake hayaoni namba vizuri. Mpwa akabonyeza. Mjomba akasema naam, naisikia inakuja. Baada ya muda akalalamika kwamba sasa imezidi, magoti yanaganda, ipunguzwe. Mpwa akabonyeza tena, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi safi, akaburuta mguu chini ya meza akafunga tundu moja la hewa kwa kisigino. Mjomba akashukuru. Halafu akataka irudishwe. Mchana ule wote binti wa watu alifungua na kufunga matundu kwa kisigino huku uso wake ukiwa wa mtu anayesoma rimoti, na jioni akachechemea kwenda kwenye gari.

Juma lililofuata mzee alipata wazo jipya. Alisema amekuwa akifikiria sana mafundisho ya mpwa wake kuhusu kutopoteza maji. Kiyoyozi kinatoa maji, kila mtu anajua. Kinatokwa jasho kama binadamu. Je, si dhambi maji yale kumwagika? Akaleta ndoo, akaiweka mwenyewe chini ya bomba la sanduku la nje, akasema kila asubuhi baada ya kuoga atakuja kuitazama.

“Sasa tumekwisha,” mpwa alisema mzee alipoondoka.

 Kulipokucha, mumewe akiwa bafuni anaimba, shangazi alitoka jikoni na sufuria, akapita nyuma ya mizabibu kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulisha kuku, akajaza ndoo hadi nusu. Mzee akaja, akatazama, akatikisa kichwa kwa furaha. Siku iliyofuata akasema jana jua lilikuwa kali zaidi, ilipaswa maji yaongezeke. Yakaongezeka. Msanifu alipolala pale kwa ajili ya marekebisho ya mwisho, zamu ikawa yake, naye akajifunza kutembea na maji kwenye umande bila kuteleza. Mzee alimwagilia maua kwa maji yale, akaita watu waje kuona maua yanavyopenda maji ya kiyoyozi.

Katikati ya shughuli hizo, jambo lingine likaanza kumkosesha shangazi raha. Kulikuwa na mvinyo alioutenga, wa mavuno ya kwanza kabisa ya mizabibu ile, ambao hakuuza wala hakumwonjesha mtu. Aliuweka kwenye rafu ya nyuma ghalani, kila chupa ikiwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Chupa zilikuwa zinapungua. Alibadilisha kufuli, zikaendelea kupungua. Kwa aibu alimwomba mpwa awaulize mafundi wake, na mpwa kwa aibu kubwa zaidi akawauliza, mafundi wakaudhika wakagoma nusu siku. Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Bwana Barafu. Alisema mwizi wa namna hiyo hana utu. Alipendekeza wafuge mbwa.

Siku ya ufunguzi walikuja wageni wa kutosha, na mgeni aliyesubiriwa alikuwa mwanamke mmoja mwenye hoteli kubwa, mrefu ajabu, aliyezoea kutazamwa na watu walionyoosha shingo. Akiupenda mvinyo atauweka kwenye meza zake zote. Asipoupenda, atasema hivyo hapohapo, alijulikana kwa hilo. Jua lilikuwa lilelile. Wageni waliingia wakijipepea na vitambaa, wakafika katikati ya chumba, na vitambaa vikashuka vyenyewe mapajani. Mwenye hoteli alionja wa kwanza, akaonja wa pili, akafunga jicho moja. Kisha akasema kwamba mvinyo ni mzuri, lakini anachotaka kujua kwanza ni baridi hii. Hoteli yake ina mashine kila chumba na wageni bado wanalalamika, ama wanaganda ama wanaiva.

Bwana Barafu alisimama. Alinyoosha mkono kuelekea ukutani juu kama anayemtambulisha bwana harusi, akasema siri ni kiyoyozi kile pale. Akaanza kukisifu. Alisema kinajua kuangalia idadi ya watu. Alisema kinatoa maji matamu yanayofaa kwa maua. Msanifu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alihisi masikio yakipata moto katika chumba baridi kuliko vyote katika wilaya nzima.

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Pampu iliyokuwa ikivuma ghalani ilinyamaza. Redio jikoni ikafa katikati ya neno, na mfanyakazi mmoja nje akasema kwa sauti ya kawaida kwamba umeme umekwenda. Chumbani, katika ukimya ule, sanduku liliendelea kunguruma. Taa yake ya kijani haikupepesa.

Mwenye hoteli aliinua uso taratibu.

“Umeme umekatika,” alisema, “na hiki kinaendelea?”

“Ni cha aina mpya,” alisema Bwana Barafu, lakini sauti ya dukani ilikuwa imemtoka.

Mama yule alikuwa ameshainuka. Watu wengine wangehitaji kigoda. Yeye alinyoosha mikono tu. Msanifu akamkimbilia, akamwomba asiguse, dhamana itaharibika. Sekunde ileile mjomba naye alikuwa amemfikia upande wa pili, anamwomba asiguse, kuna gesi ya hatari. Mpwa na mjomba wakakutana uso kwa uso chini ya viwiko vya mgeni, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake ameogopa kuliko inavyostahili. Mpwa alijua kwa nini yeye anaogopa. Mjomba anaogopa nini?

Kifuniko kikatoka.

Ndani hakukuwa na mashine. Kulikuwa na feni ya ukubwa wa sahani ya kikombe, ikigonga kipande chake cha plastiki kwa bidii. Na kandokando yake, zimelazwa kwa upendo, kulikuwa na chupa mbili, moja nzima na nyingine mvinyo wake umeshuka hadi mabegani, pamoja na glasi iliyovalishwa soksi. Soksi ilikuwa ya kahawia, imeshonwa kisigino kwa uzi mweusi.

Shangazi alisogea. Alichukua chupa, akasoma mwandiko wake mwenyewe. Akaichukua soksi, akatazama kisigino alichokishona yeye, akaikunja vizuri na kuiweka mezani mbele ya mumewe.

“Kumbe kiyoyozi chako kinakunywa,” alisema. “Ndiyo maana kinatokwa jasho sana.”

Mgeni mmoja alipaliwa na mvinyo. Bwana Barafu alitazama soksi, akamtazama mkewe, akamtazama mpwa. Aliona hakuna mlango wa kutokea upande huo, basi akajaribu mwingine.

“Tusisemane,” alisema. “Nimeuza viyoyozi tangu nywele zangu nyeusi. Siku ya kwanza tu nilizunguka nyuma nikakuta pakavu kama unga. Nikasema, ngoja niwape ndoo. Asubuhi yake ndoo imefika nusu. Mke wangu, sijawahi kuona mashine inayotoa maji yenye ganda la kitunguu.”

Sasa ikawa zamu ya wanawake kutazama sakafu. Msanifu alikumbuka kisigino chake na rimoti, na mchana mzima wa kuburuta mguu, na ikampitia kwamba mzee yule alikuwa amekaa pale akijua kila kitu, akipunguza na kuongeza, akistarehe kama mtu aliyeko sinema. Alitaka kukasirika, lakini kicheko kikawahi. Shangazi akakiona, naye akashindwa kujizuia. Mwisho walikuwa wanacheka wote watatu, wameshikana mabega, na wageni wanacheka bila kujua wamecheka upande wa nani.

Mwenye hoteli alisubiri watulie. Bado alikuwa ameshika kifuniko.

“Sawa,” alisema. “Basi kinachopoza humu ni nini?”

Msanifu alifungua kinywa, lakini mjomba wake alikuwa amekwishaanza. Alimshika mgeni mkono, akamwinamisha mpaka kiganja chake kikawa mbele ya tundu la sakafuni. Akamwambia hewa hiyo imeingilia kule bondeni na imetembea chini ya mizabibu yote aliyoiona alipokuwa anakuja. Akamweleza kwa nini bomba limelazwa kwa kuinama. Akampeleka ukutani, akamgusisha, akamwambia udongo huu ulikuwa umelala hapahapa, hatukuuleta kwa lori, na jua litaupiga leo kutwa, lakini joto likifika katikati yake jua lenyewe limeshatua. Akamwonyesha dohani kupitia dirisha la juu, na kusema kwamba ni nyeusi kwa makusudi, na mtu yeyote anayetaka iwe nyeupe ili ipendeze hajui anachosema.

Hakukosea hata neno. Mpwa alisimama na michoro yote kichwani mwake, akiisikia ikisemwa na mtu aliyekuwa akitazama picha kwenye simu. Alijikuta ameshika kitambaa cha meza, na macho yakamwasha kidogo, akatoka nje akajifanya anakagua tangi.

Mwenye hoteli aliununua mvinyo. Pia aliomba kuongea na msanifu kuhusu ukumbi mpya wa chakula aliokuwa ameshaanza kuuchora kichwani, mkubwa, wote wa kioo, ambao sasa alikuwa na mashaka nao.

Hukumu ya shangazi ilitoka kesho yake, fupi. Mumewe atawaomba radhi mafundi wote, mmoja mmoja, kwa kuwaacha wasingiziwe wizi na kutaka wafugiwe mbwa. Halafu msimu mzima ataosha glasi za wageni yeye mwenyewe, mbele ya wageni, na hataonja. Mzee aliikubali, na kwa kuwa alikuwa yeye, katika muda mfupi wageni walikuwa wanakuja karibu na karai kumsikiliza, na shangazi akaona adhabu imekuwa ukumbi wa burudani, lakini mauzo yalikuwa mazuri akanyamaza.

Mchana mmoja wageni walipokuwa wameondoka, mpwa alimkuta ameketi ndani peke yake, mikono bado ina povu. Alimsalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba bila utani, na hilo likamfanya avute kiti. Mjomba alikaa akisikiliza hewa, ambayo haikuwa na sauti yoyote.

“Niambie ukweli,” alisema hatimaye. “Siku ile ya koti nilipoketi hapa, nilijiuliza. Kama udongo unaweza hivi, mimi miaka yote ile nilikuwa nauza upuuzi?”

 Mpwa alifikiria duka lile, na jinsi alipokuwa mdogo alivyobandika shavu kwenye kioo cha jokofu mpaka mama yake akamvuta. Alimwambia kwamba dawa hazihifadhiwi kwa udongo, wala nyama, wala maziwa ya watu. Na wale wengine waliokuja kununua mashine za nyumbani walikuwa na haki ya kununua, kwa sababu walikuwa wanachemka kweli.

“Uliwauzia watu waliokuwa wamejengewa vibaya, mjomba. Kosa si lako. Ni letu sisi wachoraji.”

Mzee aligeuza sentensi ile kichwani, upande huu na upande ule, kama anavyokagua mtu bidhaa anayotaka kuichukua. Alipoinuka mgongo ulikuwa umenyooka. Mpaka jioni alikuwa ameshaisema kwa wageni wa makundi mawili, kama maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo msanifu hakupaswa kushangaa, siku ya mkutano wa hoteli, alipofungua mlango wa gari na kumkuta mjomba wake ameketi kiti cha mbele, amevaa suti, amefunga mkanda. Alisema anasindikiza tu. Alisema hatafungua kinywa. Njiani alikuwa mtulivu, na mpwa akajilaumu kwa kumdhania vibaya.

Walikaribishwa ofisini, chumba cha kioo kilichokuwa kinachemka huku mashine mbili zikilia ukutani. Msanifu alitandaza michoro na kusema maneno ya utangulizi. Mjomba alikohoa. Alimwambia mwenye hoteli kwamba tatizo la dunia hii ni wachoraji, wanajengea watu vibaya kisha watu wanalaumu jua, na akamtazama mpwa wake kwa huzuni kama aliyemwokota barabarani na kumrekebisha. Kutoka hapo akaingia kwenye udongo, akapita kwenye mabomba, na sauti yake ilikuwa laini kama mafuta. Mpwa alianza kuona mambo yanakwenda vizuri. Ndipo mzee aliposema, bila kupepesa, kwamba dohani nyeusi ikisimamishwa sawasawa hufukuza pia mbu.

Mpwa alimkanyaga chini ya meza. Mjomba alisogeza mguu wake na kuendelea kueleza, kwa utaratibu, jinsi mbu wanavyoogopa kivuli kilichosimama wima, na mwenye hoteli alikuwa ameshachukua kalamu, anauliza kama kuna ubaya wowote wakizijenga mbili.